Ruhusa ya Kujibu

Ngazi za kupandia kituo cha masomo ya ziada zilipita katikati ya duka la vioo, kwa hiyo kila mwanafunzi alijiona mara nne kabla ya kufika ghorofani. Wengine, baada ya kujiona mara ya tatu, waligeuka wakarudi. Waliobaki walikuta mlango wenye kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: MASOMO YOTE. MAJIBU YAPO. Kituo kilikuwa na jina lake rasmi, refu, lenye neno "weledi" ndani yake, lakini mtaa mzima ulikiita Majibu Yapo, na mwenye kituo alishachoka kusahihisha watu.

Ndani mlikuwa na meza tatu. Ya dirishani ilikuwa ya Mzee Tarehe, aliyefundisha historia, jiografia na lugha. Mzee huyu alikumbuka mwaka wa kila mkataba uliowahi kutiwa saini duniani, na hakuna siku aliyokumbuka alipoweka miwani yake. Ya katikati ilikuwa ya mwalimu wa hesabu na sayansi, mtu mfupi wa hasira ndefu, ambaye wanafunzi walimwita Kipeuo kwa madai kwamba akikasirika hupungua. Ya kwanza, ile iliyobanwa nyuma ya mlango hata ukiufungua kwa fujo unamgonga mwenyewe kiwiko, ilikuwa ya Bi Swali.

Bi Swali aliajiriwa apokee watu na kuchapa barua. Kabla ya hapo alikuwa mchapaji wa shule ya sekondari kwa miaka thelathini na mmoja. Kila mtihani wa kila somo wa kila muhula ulipita chini ya vidole vyake, kwanza kwenye stensili na mashine ya kurudufia iliyomwachia wino kwenye kucha, baadaye kwenye kompyuta iliyomwachia maumivu ya shingo. Kipeuo, ambaye hakuweza kuona hesabu ikipita njiani bila kuisalimia, alikadiria kwamba mama huyo alikuwa amechapa maswali elfu hamsini na ushei. Majibu, hata moja.

Mtu akikaa na maswali elfu hamsini, huyazoea kama mfinyanzi anavyouzoea udongo. Bi Swali hakujua figo inafanya kazi gani, lakini alijua mtu anayeuliza habari za figo anataka nini na anataka kiasi gani. Mwanafunzi aliyepanda ngazi kumtafuta Kipeuo alilazimika kupita kwake kwanza, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa maoni ya Kipeuo, au yalipotengenea, kwa maoni ya wanafunzi.

Binti mmoja aliyekuwa akirudia mtihani wa kumaliza sekondari kwa mara ya pili, na aliyeitwa Sijui kwa sababu ndilo neno alilolitumia badala ya salamu, aliweka karatasi mezani kwake siku yake ya kwanza.

"Bi, hili sijui."

"Hujui nini?"

"Hilo lenyewe."

"Lisome kwa sauti. Usiliogope, limefungwa."

"Eleza sababu tatu zinazofanya mto uhame njia yake. Alama sita."

"Umeandika nini?"

"Mvua."

"Mvua. Na huo mkato baada ya mvua?"

"Nilikuwa nafikiri."

"Haya. Sababu ngapi?"

"Tatu."

"Alama ngapi?"

"Sita."

"Basi kila sababu imealikwa na mwenzake. Sababu inakuja, na kwa-nini yake inakuja nyuma imebeba mkoba. Wewe umemleta mmoja, tena peku. Umepata alama moja, na hiyo ni kama msahihishaji ameamka vizuri. Nenda kwa Mzee Tarehe, mwambie, nina mvua, nataka mwenzake, na nataka jozi nyingine mbili. Usimwambie hujui. Mwambie unachokosa."

Sijui alikwenda, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya shule mwalimu alimjibu bila kupumua kwa nguvu kupitia puani.

Namna hiyo ilifaa masomo yote. Kwenye hesabu Bi Swali alikuwa na kanuni moja tu, na aliirudia mpaka ikageuka kiitikio cha ghorofa nzima: "Kila tarakimu iliyotajwa ni mgeni aliyealikwa. Ukimaliza kazi na kuna mgeni hajapewa kiti, hujamaliza." Wanafunzi walirudi kwenye madaftari yao, wakamkuta mgeni amesimama mlangoni, na mara nyingi hawakuhitaji tena kufika meza ya katikati.

"Bi, unanipunguzia watu," alilalamika Kipeuo.

"Nakupunguzia wajinga, mwalimu. Watu nakuachia."

Mambo yalikuwa yameendelea hivyo kwa miaka mitatu alipokuja mkaguzi wa elimu.

Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye fomu. Alikagua madirisha, akahesabu viti, akajitazama kidogo kwenye kioo cha ngazini, kisha akakaa mbele ya kila mwalimu na kalamu mkononi. Alipofika nyuma ya mlango akauliza, "Mama, wewe unafundisha?"

Mtu mwerevu angesema anapokea wageni. Lakini wakati huohuo wanafunzi saba walikuwa wamejipanga mbele ya meza yake na karatasi mkononi, na yule wa saba alikuwa amekanyaga mguu wa mkaguzi.

"Nafundisha," alisema Bi Swali.

"Kiwango cha elimu?"

"Kidato cha pili. Na miaka thelathini na mmoja."

Mkaguzi aliitazama fomu kwa huzuni ya kweli. "Fomu haina mahali pa miaka, mama." Akaeleza, kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa pole msibani, kwamba kanuni mpya inataka kila anayesaidia wanafunzi kituoni awe na cheti cha kumaliza sekondari, angalau. Angerudi mwakani, matokeo ya mitihani yakishatoka. Akimkuta na cheti, kheri. Asipomkuta nacho, ama yeye aondoke nyuma ya mlango, ama kituo kifungwe.

Akaondoka. Mzee Tarehe alitafuta miwani yake, iliyokuwa usoni. Bi Swali alimgeukia mwanafunzi wa kwanza kwenye foleni.

"Soma swali," alisema. Lakini sauti yake ilikuwa imepoa kama chai ya mlinzi.

Alikuwa na miaka hamsini na minane. Nyumbani aliishi na wifi yake, mshonaji wa nguo, dada wa marehemu mumewe. Wifi huyu alikuwa amerithi kutoka kwa kaka yake cherehani moja na haki ya kumtania mjane wake kufa na kupona. Bi Swali alipotangaza kwamba amejiandikisha kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, cherehani ilisimama ghafla.

"Wifi, umesema unafanya nini?"

"Mtihani."

"Wa macho?"

"Wa sekondari."

Wifi alitoa pini mdomoni, moja moja, ili acheke kwa usalama. "Mama yangu wee! Sasa sare umeshapata, au nikushonee?"

"Nishonee. Na usisahau mfuko wa kichongeo."

"Na kikao cha wazazi, nani atakuja kukusemea? Maana na mimi hapa nitasema ukweli, kwamba nyumbani huyu hashiki hata ufagio."

Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha wifi akaipandisha cherehani kasi, na bila kuinua uso akasema, "Kile kiti cha nyuma ya mlango kikienda kwa mtu mwingine, wifi, utanikalia mimi hapa kutwa nzima unaniuliza maswali. Ukafaulu tu. Nakuomba kwa ajili yangu."

Walimu wakawa wanakuja kituoni saa saba mchana badala ya saa tisa, ili wamfundishe kabla ya wanafunzi kufika. Waligundua upesi kwamba alikuwa mwanafunzi wa ajabu. Mdomoni alishika kila kitu. Mzee Tarehe akimweleza jambo leo, kesho alimrudishia likiwa limepigwa pasi. Hata hesabu, aliyoiacha kidato cha pili ikiwa bado ndogo, ilirudi ikiwa imekua lakini inatambulika. Ukimwuliza kwa kinywa, alijibu. Kipeuo alianza kutembea huku na huko chumbani akisugua mikono kama mkulima aliyeona wingu.

Basi akamtungia mtihani wa majaribio. Saa mbili, maswali kumi na mawili, daftari jipya. Muda ulipokwisha alilichukua daftari, akalifungua, akapungua.

Lilikuwa daftari safi kuliko yote aliyowahi kushika. Kila swali lilikuwa na namba yake, limepigiwa mstari kwa rula, pembezoni sentimita mbili na nusu, na chini ya kila swali imeachwa nafasi iliyolingana sawasawa na alama zake. Katika nafasi hizo hapakuwa na kitu.

"Bi, umeacha nafasi."

"Hazitoshi?"

"Zinatosha sana. Nyumba nzuri, Bi. Inakosa wapangaji."

Bi Swali alitazama mikono yake. "Mkono umegoma, mwalimu. Nimelijua la kwanza, nimelijua la pili. Kila nikitaka kuandika naona kama naiba."

Ikabidi aeleze. Siku yake ya kwanza kazini, miaka hiyo, mwalimu mkuu alimwita ofisini, akafunga mlango na dirisha, akamwambia, "Mchapaji ana macho, hana maoni." Kisha akamwapisha. Hatauliza jibu, hatafikiri jibu, na hataweka alama yoyote, hata nukta, kwenye nafasi iliyoachwa chini ya swali. Nafasi ile ni ya mtahiniwa. Mwongozo wa kusahihishia aliuchapa mwalimu mkuu mwenyewe, kwa vidole viwili, siku tatu, mlango umefungwa kwa ufunguo. Shule nyingine zilivujisha mitihani kama bati bovu. Shule ile haikuvuja hata mara moja kwa miaka thelathini na mmoja. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya Bi Swali, na sasa ilikuwa imemfunga mkono.

Kipeuo alijaribu kila njia. Alimpa kalamu nyekundu, akampa karatasi isiyo na mistari, akamwambia aandike kama anamwandikia wifi yake barua. Daftari la pili likarudi tupu. La tatu lilikuwa na neno moja, limefutwa.

"Hili si tatizo la hesabu," alisema hatimaye, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa sawa na kukiri kwamba jua limezimika.

Aliyelitatua ni Sijui. Alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri, amesikia yote, na akasema, "Bi, si wewe uliniambia nisiseme sijui, niseme ninachokosa?"

"Ndiyo."

"Sasa unakosa nini?"

Bi Swali alilifunga daftari. Kisha akachukua mkoba wake. "Ruhusa," alisema.

Mwalimu mkuu mstaafu aliishi mtaa wa pili kutoka sokoni, nyumba yenye uzio uliokatwa kwa rula. Alikuwa amevuka themanini na masikio yake yalifungwa kama ofisi za serikali, yaani bila taarifa, lakini alimtambua mchapaji wake kwa hatua zake mlangoni.

"Karibu. Kuna kilichovuja?"

"Hakuna, mwalimu."

"Vizuri. Kaa."

Alimsikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, hakushangaa, hakumwambia kwamba kiapo kile kilikwisha siku mchapaji alipokabidhi ufunguo wa ofisi. Mtu mwingine yeyote angemwambia hivyo, na angekuwa amesema kweli tupu isiyosaidia. Mzee alinyanyuka, akaingia chumba cha ndani, na Bi Swali akasikia sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka mingi: mashine ya kuchapa, vidole viwili. Ilichukua dakika arobaini. Alilazimika kukaa juu ya mikono yake ili asiende kumsaidia.

Barua ilikuwa na namba ya kumbukumbu, tarehe, na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari. Ilisema:

"Husika na kiapo chako cha tarehe uliyoanza kazi. Kwa utumishi wa miaka thelathini na mmoja bila doa, mchapaji aliyetajwa hapo juu anaruhusiwa kujibu. Ruhusa hii ni kwa masomo yote."

Chini palikuwa na saini, na muhuri wa shule ambao mzee hakutakiwa kuwa nao tena.

"Kuna makosa mawili ya kuchapa," alisema Bi Swali.

"Najua. Nimeyaacha makusudi, ujue ni mimi niliyechapa." Mzee akamsindikiza hadi kwenye uzio. "Halafu usiniangushe," alisema.

Jumatatu yake Kipeuo alipokea daftari lililojaa mpaka pembezoni. Kulikuwa na majibu sahihi, majibu mabovu, na jibu moja alilolisoma mara tatu kisha akaondoka nalo kwenda kulisoma nje. Aliporudi alikuwa mrefu kidogo.

Siku ya mtihani wa hesabu, ukumbi ulijaa watahiniwa wa kujitegemea mia mbili. Wengi wao walikuwa na umri wa wajukuu wa Bi Swali, kama angekuwa nao. Sijui alikaa safu ya tatu. Bi Swali alivaa gauni jipya la bluu, kazi ya wifi, lenye mfuko mdogo wa kichongeo uliotariziwa maua. Mlangoni msimamizi, mwanamume mwenye uso wa kufuli, alimpekua mkoba.

"Karatasi gani hii?"

"Ruhusa."

Msimamizi alisoma. Alisoma tena. Alimtazama mama aliyesimama mbele yake, kisha muhuri. "Anaruhusiwa kujibu," alisema polepole. "Sawa, mama. Hata sisi tunaruhusu. Lakini karatasi inabaki nje."

"Ibaki. Nimeshaikariri."

Aliandika. La kwanza, la pili, la tatu, mkono ukienda kama mbuzi aliyekatiwa kamba. La tano lilimshinda, akaliacha na nafasi yake. La sita akalipata kwa taabu. Ndipo akafika la saba.

Pembetatu ABC ina pembe mraba kwenye B. Upande wa AB ni sentimita sita. Ukitumia mchoro, tafuta urefu wa AC. Alama nne.

Akalisoma tena. Pande zote za ukumbi vichwa vilikuwa vimeinama kwenye swali hilohilo. Kijana wa mbele yake alikuwa ametoa rula anapima mchoro, ingawa chini yake paliandikwa wazi kwamba mchoro haukuchorwa kwa kipimo. Jirani yake wa kushoto alikuwa ameshafika kwenye jibu la kubuni na kuliwekea kisanduku. Safu ya tatu, Sijui alishika kichwa.

Alama nne, aliwaza Bi Swali. Alama nne na mgeni mmoja. Haiwezekani. Alama nne haziji na mgeni mmoja.

Akaitazama pembetatu, si kwa macho ya mtahiniwa bali kwa yale ya zamani, yasiyokuwa na maoni. Mstari wa AB ulikuwa umekatika katikati, na ndani ya pengo palikaa ile sita. Mstari wa BC nao ulikatika katikati, kwa upana wa tarakimu moja kamili. Ndani ya pengo hilo hapakuwa na kitu.

Alilifahamu pengo lile. Alikuwa ameliacha mwenyewe mara elfu kwenye stensili, ili mwalimu wa somo aje na kalamu aijaze tarakimu kwa mkono. Mahali fulani, mwalimu wa somo hakuja. Nyumba ilikuwa tayari. Mpangaji alisahauliwa stendi.

Akanyoosha mkono.

Msimamizi alikuja kwa viatu vyenye mlio. "Mama, hairuhusiwi kuuliza maana ya swali."

"Siulizi maana, mwalimu. Naripoti upungufu."

"Upungufu gani?"

"Swali la saba. Upande wa BC una nafasi ya tarakimu, tarakimu haimo. Tazama mstari ulivyokatika. Mchoraji hakati mstari bure."

Msimamizi alitazama. Alichukua karatasi nyingine meza ya jirani, akatazama. Akachukua ya tatu. Ukumbi ulikuwa umeacha kuandika. Vichwa mia mbili vilikuwa vimenyanyuka kama kuku waliosikia pumba. "Endeleeni na maswali mengine," alisema msimamizi, na akatoka kwa hatua ambazo, kwa mtu wa cheo chake, zilikuwa karibu sana na mbio.

Bi Swali akaendelea na la nane. Akaendelea na la tisa. Jasho lilimtoka, kwa maana kama amekosea, basi amejitia aibu mbele ya watu mia mbili na gauni jipya. Zilipita dakika ishirini na tano. Alikuwa kwenye la kumi na moja mlango ulipofunguliwa.

"Sikilizeni," alisema msimamizi. Alikuwa na kipande cha karatasi mkononi, na ile kufuli usoni ilikuwa imefunguka kidogo. "Marekebisho, kwa vituo vyote. Swali la saba, upande wa BC ni sentimita nane. Narudia, nane. Mmeongezewa dakika thelathini."

Ukumbi ulipumua kwa pamoja kama mnyama mmoja mkubwa. Kijana wa rula alifuta. Yule wa kushoto aliomba kifutio cha jirani, kwa sababu kisanduku chake kilikuwa kimekolezwa. Safu ya tatu Sijui aligeuka, kosa ambalo lingemfukuzisha siku nyingine yoyote, akatabasamu meno yote. Msimamizi aliona, na akaamua kuchunguza dari.

Alipopita tena karibu na meza ya Bi Swali alisimama, akainama. "Mama, umefanya kazi gani?"

"Mchapaji."

"Nilihisi hivyo," alisema, na akaendelea na viatu vyake.

Sita na nane. Wageni wawili sasa, kila mmoja na kiti chake. Bi Swali aliandika hatua zote nne, moja kwa kila alama, na mwishoni akaweka kumi.

Matokeo yalitoka asubuhi ya siku ya kazi. Kipeuo alisoma kwenye simu yake kwa sauti ya kutangaza mpira, amepanda kwenye kiti, na ghorofa nzima ilijaa wanafunzi mpaka ngazini, ambako kila mmoja wao, kwa hisani ya duka la chini, alionekana mara nne, kwa hiyo ilikuwa kama taifa zima limehudhuria. Historia, daraja la juu. Jiografia, la juu. Lugha, la juu. Baiolojia, wastani. Hesabu...

"Hesabu!" alipiga kelele wifi, aliyekuja na sentimita ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni.

"Hesabu," alisema Kipeuo, "amepata daraja la chini kabisa linaloruhusiwa kuitwa kufaulu."

Kelele zilizopigwa zilitingisha vioo vya dukani, na mwenye duka akapanda kuuliza nani atalipa, akaambiwa habari, akasahau alichokuja nacho, akabaki kucheka na wengine. Wifi alimkumbatia Bi Swali akamchoma na pini. "Wifi yangu! Mtoto wangu! Sasa kikao cha wazazi nitakuja, na nitasema uongo mzuri!" Sijui naye alikuwa amefaulu masomo saba, na alisimama juu ya benchi analitangaza kwa kila mpitaji. Aliendelea kuitwa Sijui. Majina ya utani hayafuati matokeo.

Jioni hiyo Bi Swali alipita nyumba ya uzio wa rula. Mzee alisoma karatasi ya matokeo kwa kidole, mstari kwa mstari, akafika mwisho, akarudi juu. "Pembezoni wamepima vibaya," alisema. Kisha akaomba nakala ya kubandika ukutani.

Mkaguzi alirudi mwezi uliofuata na fomu ileile. Alikuta meza ya nyuma ya mlango imesogezwa hatua mbili, ili mlango usigonge kiwiko. Ukutani kilining'inia cheti ndani ya fremu iliyotoka duka la chini, na pembeni yake, kwenye fremu kubwa zaidi, barua iliyochapwa kwa vidole viwili. Alisoma vyote. Kisha akakaa, akajaza jina, akajaza kiwango cha elimu kwa herufi kubwa na raha isiyofichika. Akafika safu ya mwisho, akasita.

"Mama, somo unalofundisha?"

Bi Swali alifikiri. "Sina somo, mwanangu. Mimi nafundisha maswali."

"Fomu haina maswali."

"Andika yote, bwana!" alifoka Kipeuo kutoka meza ya katikati. "Imeandikwa ukutani hapo, na muhuri juu. Masomo yote!"

Mkaguzi aliinua macho kwenye fremu kubwa, akahakikisha muhuri, akaandika: Yote. Akagonga muhuri wake naye, asije akazidiwa.

Hata kabla hajafika chini, mvulana mmoja mgeni alikuwa ameshasimama mbele ya meza na karatasi iliyokunjika.

"Bi, hili la figo. Nataka jibu tu, halafu niende."

Bi Swali aliichukua karatasi, akaikunjua kwa kiganja. Figo hufanya kazi gani. Alama mbili. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ametunza siri za majibu asiyoyajua, kazi ambayo, ukiitazama vizuri, mlango wowote ungeifanya. Hili alilijua. Alilijua lote, na kwa-nini yake na mkoba wake, liko kwenye ncha ya ulimi linapunga mkono.

Akalimeza, kwa raha ya mtu anayemeza kitu chake mwenyewe.

"Jibu lipo meza ya katikati," alisema, akimsogezea kiti. "Kaa kwanza. Soma swali."